Mabinti wa chuma: Mastaa wa Korea na kilomita 51.5 za moto

WAPENZI wa tamthilia za Kikorea hapa Bongo hawahitaji kutambulishwa kwa Jumong. Ni yule mpiga mishale aliyeanzisha ufalme wa Goguryeo huku akiwindwa kila kona. Aliyemuigiza anaitwa Song Il-gook, na kwao tamthilia hiyo ilirushwa na kituo cha MBC kati ya 2006 na 2007, kabla haijafika kwenye sebule za huku kwetu.

Kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba jamaa huyo, nje ya upinde na farasi, ni mtu wa triathloni. Yaani ule mchezo wa kuogelea, ukitoka majini unarukia baiskeli, ukishuka kwenye baiskeli unakimbia, na saa haisimami hata sekunde moja. Alipoingia kwenye kipindi cha The Return of Superman mwaka 2014, Wakorea walizoea kumwona akiwakokota wanawe mapacha watatu kwenye kigari nyuma ya baiskeli, miguu ikizunguka kama hana mzigo.

Kwa miaka mingi mchezo huo kule Korea ulionekana ni wa watu wa aina yake. Wanaume, wenye mapaja ya kazi, wasiojua kuchoka. Septemba 7, 2024, kituo cha tvN kikaamua kuligeuza jambo hilo. Kikachukua waigizaji wanne wa kike, kikawapa jina la kikosi, Musoe Sonyeodan, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema Kikosi cha Mabinti wa Chuma, kisha kikawaambia: mtaingia triathloni na mtaimaliza.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza.

WENYEWE NI HAWA

Mkubwa wao ni Jin Seo-yeon, mzaliwa wa 1983, mama wa mtoto mmoja, aliyejizolea sifa kwenye filamu ya Believer ya 2018. Anayefuata ni UEE, aliyetokea kwenye kundi la muziki la After School. Huyu kabla ya muziki aliwahi kuwa mwogeleaji wa mashindano, kwa hiyo kwenye maji ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Wa tatu ni Park Ju-hyun, aliyeng'ara kwenye tamthilia ya Extracurricular mwaka 2020 na baadaye akaigiza kama mchezaji wa vinyoya kwenye Love All Play. Mdogo wao ni Seol In-ah, mzaliwa wa 1996, ambaye watazamaji wengi wanamkumbuka kwenye Business Proposal.

Kiongozi wa kikosi akawa Kim Dong-hyun, mpiganaji wa kwanza wa Korea Kusini kuingia kwenye ulingo wa UFC, mwaka 2008. Ni mtu anayejua kupigwa ngumi, sasa akapewa kazi ya kuwasukuma wenzake wapigwe na mawimbi.

Kituo chao cha mwisho kilikuwa Tongyeong, mji wa bandari wa kusini mwa nchi, ambako kila mwaka hufanyika mashindano ya Kombe la Dunia la triathloni. Mabingwa wana mbio zao, na watu wa kawaida nao wana zao. Mabinti hawa wakaingia kwenye kundi la watu wa kawaida, Oktoba 2024.

HESABU YA DAKIKA 210

Umbali wao ulikuwa ule wa Olimpiki. Unaogelea kilomita 1.5, unaendesha baiskeli kilomita 40, unamalizia kwa kukimbia kilomita 10. Jumla ni kilomita 51.5, na mlango unafungwa baada ya saa tatu na nusu. Ukichelewa hapo, hata kama umefika kwa miguu yako, hukumaliza.

Kwa bingwa, muda huo ni mwingi mpaka unabaki. Kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, Mfaransa Cassandre Beaugrand alitwaa dhahabu ya wanawake kwa saa 1, dakika 54 na sekunde 55. Angeweza kumaliza, akaoga, akala na bado akarudi kuwashangilia wa mwisho.

Ila kwa mtu wa kawaida hebu tupige hesabu. Ukiogelea kwa dakika 40, umeogelea vizuri kwa mgeni wa bahari. Baiskeli ukiipeleka kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa bila kusimama, kilomita 40 zinakula dakika 96. Kilomita 10 za kukimbia, ukizipeleka kwa dakika sita na nusu kila moja, ni dakika 65. Jumla dakika 201.

Kikomo ni dakika 210. Umebakiwa na dakika tisa tu, na ndani ya hizo unatakiwa uvue suti ya mpira ya kuogelea, uvae viatu, ufunge kofia ngumu, usukume baiskeli hadi kwenye mstari, na baadaye uirudishe, uitundike na uanze kukimbia. Cheni ikichomoka, tairi ikipata pancha, au ukimeza maji ya chumvi ukahitaji kushika boya upumue, dakika tisa zimeshaliwa.

Ndiyo maana kipindi hakikuhitaji adui. Adui alikuwa saa.

BAHARI HAINA KUTA

Wanaojua kuogelea kwenye bwawa wanafikiri bahari ni bwawa kubwa. Siyo. Bwawa lina mstari mweusi chini unaokuonyesha njia, lina ukuta kila baada ya mita 25 au 50, na ukichoka unashika ukingo. Baharini hakuna mstari, chini ni giza, na njia ni maboya yanayopanda na kushuka na wimbi. Inabidi kila baada ya mikono kadhaa uinue kichwa utazame mbele, la sivyo unaogelea zigizaga na kilomita 1.5 inageuka mbili.

Halafu kuna watu. Mnaingia kwa makundi, na dakika za mwanzo ni mikono na miguu tupu. Mtu anakukanyaga mgongoni, mwingine anakupiga teke la miwani. Kwa mtu ambaye maji ni hofu yake, na kikosini hawakuwa wote watoto wa maji, hapo ndipo pumzi inapokatika. Hajachoka, ila ameshtuka. Kifua kinabana, suti nayo inabana, unaanza kuhema juu juu. Makocha wa mchezo huu hufundisha kitu kinachoonekana cha kitoto, lakini kinaokoa maisha: geuka chali, tazama mbingu, pumua, kisha endelea.

Ukitoka hapo ukapanda baiskeli, unaona umepona. Kazi nyingine inakusubiri mbele. Baada ya kilomita 40 za kukanyaga pedali, unaposhuka na kuanza kukimbia, miguu inagoma. Misuli imezoea kuzunguka, sasa inatakiwa ipige hatua na kubeba uzito wote. Mtu anakimbia kama amekopeshwa miguu ya mwenzake. Dawa yake ni moja tu, kufanya mazoezi ya baiskeli na mbio kwa mpigo, siku baada ya siku, mpaka mwili uache kushangaa.

Mabinti wale walifanya hayo kwa miezi kadhaa, huku kazi zao za uigizaji zikiendelea. Siku ya siku ilipofika Tongyeong, wote wanne walivuka mstari ndani ya muda.

MISULI BADALA YA KUKONDA

Kuna jambo lililowafanya wanawake wengi wa Korea wakae mbele ya televisheni. Staa wa kike kule ana mzani kichwani. Biashara ya burudani ya Korea inajulikana kwa kuwabana wasanii wa kike wakonde, wengine tangu wakiwa wanafunzi kwenye kampuni za muziki. Vyakula vyao vya kujinyima huandikwa magazetini kama mapishi.

Triathloni haina habari na hayo. Usipokula, kwenye kilomita ya 30 ya baiskeli unazima kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Bega likiwa jembamba, mkono hauvuti maji. Kwa hiyo mtazamaji akaona wanawake maarufu wakila ili wafanye kazi, wakitoka jasho bila vipodozi, nywele zimelowa, alama za miwani zimewazunguka macho, na mapaja yakizidi kukomaa kila wiki. Jin alikuwa na miaka 41. Hakuna aliyemwambia akae pembeni awapigie makofi wadogo zake.

WA MWISHO NDIYE STAA

Kama hujazoea televisheni ya Korea, utashangaa kwa nini kipindi cha watu wanaohangaika kumaliza kinapata watazamaji. Wakorea wenyewe wameshazoea. Mwaka 2011, wachekeshaji wa Infinite Challenge, kipindi kilichodumu MBC kuanzia 2005 hadi 2018, walijifunza kupiga makasia kwa miezi wakaingia kwenye mashindano ya mita 2,000. Walishika mkia. Lakini kipande hicho ndicho watu wanachokitaja hadi leo, wale wanaume wazima wakilia ndani ya mtumbwi baada ya kumaliza wa mwisho.

Oktoba 2023 ikaja zamu ya Kian84, mchoraji wa katuni aliyegeuka mtu wa televisheni. Kwenye kipindi cha I Live Alone alikimbia marathoni yake ya kwanza kwa saa 4, dakika 47 na sekunde 8. Mwezi huohuo Mkenya Kelvin Kiptum aliweka rekodi ya dunia Chicago kwa saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Kwa Wakorea wengi, mtu wa mwezi alikuwa mchora katuni, na mwisho wa mwaka MBC ikampa tuzo yake kubwa ya burudani. Mwaka uliofuata akaenda New York akamaliza kwa saa 4:48:16, yaani taratibu kidogo kuliko mara ya kwanza, na bado watu wakamshangilia.

Mwaka 2025 kituo cha MBN nacho kikaja na kipindi cha marathoni kwa mastaa wasiojua kukimbia. Kiongozi wake alikuwa Sean, mwanamuziki wa zamani wa kundi la Jinusean, ambaye tangu 2020 hukimbia kilomita 81.5 kila Agosti 15, siku ya ukombozi wa Korea, kuchangisha fedha za nyumba za kizazi cha wapigania uhuru. Msaidizi wake ni mtu ambaye mashabiki wa Ligi Kuu England wanamkumbuka vizuri, Lee Young-pyo, beki wa pembeni aliyekuwa Tottenham kuanzia 2005 hadi 2008.

Wala Wakorea hawakuvumbua jambo hili. Februari 1982, televisheni ya Marekani ya ABC ilionyesha mashindano ya Ironman ya Hawaii. Mwanafunzi Julie Moss alikuwa anaongoza kwa wanawake, mwili ukamzimikia karibu kabisa na mstari, akapitwa na Kathleen McCartney, akamaliza wa pili kwa kutambaa. Picha zile za kutambaa ndizo zilizoitangaza triathloni duniani. Watu waliojiandikisha baada ya hapo walikuwa wamemwona aliyeanguka, siyo aliyeshinda.

KIVULI CHA 2020

Lakini kuna sababu nyingine ya kukichukulia kipindi hiki kwa uzito, na hii si ya kucheka. Miaka minne kabla ya Mabinti wa Chuma, neno triathloni lilipotajwa Korea, watu walikumbuka jina moja, Choi Suk-hyeon.

Binti huyo alikuwa mwanariadha wa triathloni wa timu ya jiji la Gyeongju. Juni 2020, akiwa na miaka 22, alijiua. Kabla ya hapo alikuwa amepeleka malalamiko kwenye vyombo kadhaa, vikiwemo vya michezo na polisi, akieleza kupigwa, kutukanwa na kuadhibiwa kwa kulazimishwa kula mikate kupita kiasi. Hakupata msaada kwa wakati. Baada ya kifo chake nchi ilitikisika. Bunge likabadilisha sheria ya michezo, na mwaka 2021 mahakama ikawafunga jela kocha wake na nahodha wa timu.

Kwa hiyo tvN ilipowaweka wanawake wanne kwenye mchezo uleule, ilikuwa inatembea kwenye ardhi yenye kidonda. Mazoezi ya uvumilivu yanauma, hilo halikwepeki. Ila kuna kuumia na kuna kuumizwa. Mastaa hawa walichagua kuumia. Walikuwa na makocha wanaowasikiliza, na kubwa kuliko yote, walikuwa na mlango: akisema basi, anapanda gari anarudi nyumbani, na mkataba wa filamu unamsubiri. Choi hakuwa na mlango huo. Kazi yake, mshahara wake na ndoto yake ya timu ya taifa vilikuwa mikononi mwa watu walewale waliokuwa wakimpiga.

Kipindi cha televisheni hakiwezi kufuta hilo. Kilichofanya ni kuonyesha kwamba mtu anaweza kusukumwa hadi ukingoni bila kudhalilishwa, na bado akafika. Kwa mzazi wa Kikorea anayejiuliza kama ampeleke bintiye kwenye mchezo, hilo si jambo dogo.

NCHI ILIYOPOTEZA MABINGWA

Kuna kichekesho cha uchungu hapa. Korea hii inayolia na mchora katuni wa saa 4:47 ilikuwa nchi ya mabingwa wa marathoni.

Sohn Kee-chung alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, ila kwa bendera ya Japan iliyokuwa imeitawala nchi yake. Hwang Young-cho akaileta dhahabu kwa bendera yao wenyewe Barcelona 1992. Lee Bong-ju akachukua fedha Atlanta 1996, mbele ya Mkenya Eric Wainaina aliyepata shaba. Mwaka 2001 Lee huyohuyo alikwenda Boston akavunja utawala wa Wakenya, ambao wanaume wao walikuwa wameshinda mbio zile miaka kumi mfululizo, kuanzia 1991.

Baada ya hapo, kimya. Rekodi ya taifa ya wanaume, saa 2:07:20, Lee aliiweka Tokyo mwaka 2000, na robo karne imepita juu yake. Walifika mahali pa kumpa uraia Mkenya, Wilson Loyanae Erupe, mzaliwa wa Turkana na mshindi mara nne wa Seoul Marathon. Mwaka 2018 akawa Oh Joo-han. Ukoo wa Oh aliupata kwa kocha wake Oh Chang-seok, na jina Joo-han lina maana ya kuikimbilia Korea. Kocha alifariki Mei 2021, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Tokyo, na mwanafunzi wake akashindwa kumaliza mbio zile.

Basi ukitazama medali, utasema Korea imekufa kwenye mbio. Ukitazama barabara, utasema kinyume. Vijana wanakimbia kwa makundi kandokando ya Mto Han, nafasi za marathoni kubwa zinagombewa kama tiketi za tamasha, na mwaka 2024 wilaya ya Seocho jijini Seoul ililazimika kuweka masharti kwa makundi ya wakimbiaji kwenye uwanja wa Banpo, kwa sababu walikuwa wanawabana watumiaji wengine.

Televisheni haikuwaleta wote hao, lakini imewapa watu wa kujifananisha nao. Kijana wa ofisini hawezi kujiona ndani ya Kiptum. Ndani ya mwigizaji anayegeuka chali baharini kutafuta pumzi, anajiona.

NA HUKU KWETU?

Sisi tumekaa upande wa pili wa mizani. Afrika Mashariki ina mabingwa wa kutosha kugawia dunia. Hata Tanzania, Septemba 2025, Alphonce Simbu alileta dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo, mbio zilizoamuliwa kwa tofauti ndogo hata kuliko kufumba jicho. Tuna haki ya kutamba.

Ila tazama kamera zetu zinavyofanya kazi. Kwenye mbio kama Kilimanjaro Marathon pale Moshi, mshindi akishakata utepe na kuhojiwa, habari imeisha. Nyuma yake wanakuja walimu, mama lishe, madereva na vijana wa jogging za Jumamosi, wengine wakiwa na saa nne au tano barabarani, na wanakuta vyombo vya habari vimeshakunja nyaya. Mwigizaji au mwanamuziki wetu akionekana kwenye mbio, mara nyingi ni kwa kilomita tano za hisani na picha ya fulana.

Siku kituo kimoja kikimchukua staa wa Bongo Movie asiyejua kuogelea, kikamfundisha miezi kadhaa bila kumdhalilisha, kikamwacha alie, akate tamaa, arudi tena, tutaona nani atazima televisheni. Bahari ipo, barabara zipo, na wa kuwafundisha wapo.

Mabinti wa Chuma hawakuweka rekodi yoyote Tongyeong. Walianza wanne, wakamaliza wanne, na saa tatu na nusu zilikuwa bado hazijaisha.